Madirisha ya Nyasi

Mama yangu aliposikia nimepata nafasi ya kusomea shahada ya pili, na kwamba nitakachosomea ni nyasi, aliweka ungo chini akanigusa kipaji cha uso aone kama nina homa. Kwetu, magharibi ya Kenya, nyasi ni adui. Mtu mwenye nyasi katikati ya mahindi ni mvivu, na mwenye nyasi mpaka mlangoni hata salamu za majirani humpitia mbali.

"Tuliuza ng'ombe ndio usome uachane na nyasi," alisema. "Sasa unarudi kwa nyasi na gauni ya digrii?"

Nilimjibu vibaya. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo nilimwambia kwamba ulimwengu hauishii kwenye shamba lake la mahindi. Alichukua ungo wake akaendelea kupepeta maharagwe. Miezi michache baadaye maneno yake na yangu yote mawili yalinirudia, na nikajua kwamba kichwani mimi ni msomi lakini mikononi ni binti wa mama yangu.

Wakati huo nilikuwa nafundisha kilimo katika shule ya upili ya kutwa pale Kitengela, nimepanga chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Ulikuwa mwaka ule baada ya mvua kubwa tulizozoea kuziita Elnino. Kitengela ilikuwa bado na nafasi. Pundamilia walikuja hadi kwenye ua wa shule, na wanafunzi walishikwa na usingizi kwenye somo langu lakini hawakusinzia hata kidogo pundamilia walipopita dirishani. Nilipenda kufundisha, ila nilijiona nikizeeka na chaki mkononi huku nikisoma vitabu vilevile vya mbolea na mzunguko wa mazao. Nilitaka kujua kitu ambacho hakikuwa kwenye kitabu.

Tangazo nililiona kwenye ubao wa chuo kikuu nilipokwenda kufuata cheti changu. Kulikuwa na ufadhili wa utafiti wa kilimo endelevu na utunzaji wa mazingira, nafasi chache, na moja kati ya hizo ilihitaji mtu wa kukaa Kajiado kuchunguza namna malisho yaliyochoka yanavyoweza kupona. Wenzangu walipanga foleni kwa nafasi za mboga na za maua. Ya Kajiado haikuwa na foleni. Niliikimbilia hiyo, sikuficha sababu hata mbele ya jopo, nao wakacheka, na wiki mbili baadaye nikapata barua.

Masharti yalikuwa wazi. Niliomba likizo isiyo na mshahara. Nilitakiwa kufuatilia malisho kwa misimu miwili ya mvua, na mwisho wa msimu wa pili nikate nyasi, nizikaushe, nizipime uzito, nipeleke matokeo kabla ya mwezi kwisha. Bila mkato ule wa mwisho hakuna tasnifu, na nafasi yangu ingepewa aliyenifuata kwenye orodha. Msimamizi wangu, mzee wa kutoka Ukambani aliyevaa sweta hata juani, aliniambia hivyo mara tatu, kila mara akinionyesha kidole.

Boma nililopelekwa lilikuwa ng'ambo ya Bisil, mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu kutoka barabara ya Namanga. Mwenyeji wangu alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akiuza maziwa Bisil siku za soko, na huko sokoni ndiko alikojifunzia Kiswahili chake na matusi yake. Nilimwita yeyo, yaani mama, kama wote pale walivyomwita. Yeye aliniita mwalimu. Mumewe na wanawe walikuwa na ng'ombe, lakini ndama walikuwa mikononi mwake, na pia kile kipande cha malisho karibu na boma wanachokiita olopololi. Olopololi huachwa bila kulishwa wakati wa mvua ili kiangazi kikifika, ndama na mnyama mgonjwa wapate cha kula bila kwenda mbali. Mama huyu alinipa pembe moja ya olopololi yake, akaniambia niiangalie vizuri.

Pembe ile niliigawa vipande vinne kwa kamba na vigingi. Viwili vingepumzishwa kabisa, viwili vingelishwa kidogo kidogo. Kisha nikarudi nyuma nikatazama. Ilikuwa kiangazi, na nyasi zilikuwa zimesimama kavu, za rangi ya majivu, zikipiga kelele upepo ukipita. Machoni mwangu zilikuwa takataka za mwaka jana. Nilijiambia kwamba nikitaka kupima zitakazoota, lazima kwanza niondoe zilizokufa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja kupewa, nilikuwa nimelibeba langu kutoka Kitengela. Siku ya tatu, yeyo akiwa sokoni, nililima vipande viwili vikawa safi kama uwanja wa kupuria wimbi. Niling'oa na mizizi. Nilikung'uta udongo kutoka kwenye kila shina kama nilivyofundishwa utotoni, ili lisishike tena. Nilifanya kazi nikiimba. Kusema kweli nilikuwa na furaha, nikifikiri namna mama yangu angejivunia usafi ule.

Nilisikia kibuyu cha maziwa kikianguka. Nilipoinua kichwa, yeyo alikuwa amesimama kwenye ukingo wa kipande, fimbo ya kufukuzia ndama iko juu. Alikuja mbio. Mimi niliganda pale pale, jembe mkono mmoja na kishungi cha nyasi mkono wa pili. Alipofika mbele yangu fimbo ilisita hewani. Aliutazama mkono wangu, akaishusha pole pole, akihema.

"Mwalimu, weka hiyo nyasi chini."

"Kwa nini?"

"Weka chini ndio nikuchape."

Sikuelewa, lakini ubishi wangu uliniokoa. Niliishika zaidi. Akaniambia kwamba kwao mtu aliyeshika nyasi hapigwi. Nyasi ni chakula ya ng'ombe na ng'ombe ni chakula ya watu, kwa hivyo mwenye nyasi mkononi ameomba amani, na hata mtoto mtundu hukimbilia kung'oa jani akiona kiboko. "Hata mjinga," aliongeza. "Hata mjinga ambaye ameua enkujit." Enkujit ndiyo nyasi kwa Kimaasai. Kisha akaketi juu ya rundo langu la takataka akaanza kulia.

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Zile nyasi kavu hazikuwa zimekufa. Zilikuwa ghala. Ndama wangezila miezi miwili mingine mpaka mvua ije, na mizizi yake ndiyo iliyokuwa imeshikilia udongo ambao sasa upepo ulikuwa ukiunyanyua mbele ya macho yetu na kuupeleka Namanga. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena tangu siku hiyo. Jioni hiyo nilikula chakula na kishungi changu cha nyasi kwenye mapaja, maana sikuwa na hakika msamaha ulidumu kwa muda gani.

Kesho yake alinipa adhabu. Nirudishe nyasi. Alinipeleka kando ya lugga, ule mto mkavu, na kwenye vichaka vya migunga ambako mifugo hawafiki, tukachuma mbegu kwa mkono: ile yenye mkia laini, ile yenye vichwa vilivyobanana kama pingili za mkia wa nge, na moja ndogo aliyosema ndama huipenda kuliko maziwa. Tulichimba mifereji midogo kukata mteremko ili maji yasikimbie. Tulitia mbegu, tukatupia samadi ya mbuzi, juu yake tukaweka matawi ya miiba, na vipande vyote vinne tukavizungushia ua wa miiba. Mikono yangu ilivimba. Yeye alinicheka kila mwiba uliponichoma na kusema huo ni wa kwanza, bado umebaki mmoja.

Msimamizi alinigombeza mpaka sweta ikamlegea mabegani. Halafu aliuliza habari za mifereji, akauliza tena. Mwishowe alichukua kalamu akafuta mpango wangu wa zamani. Vipande viwili vilivyopumzishwa tungevilinganisha na viwili vilivyopandwa upya, na vyote na ardhi ya wazi nje ya miiba. "Umeharibu," aliniambia, "sasa tuone kama kuharibika kunatengenezeka. Hilo ndilo swali lako."

Mvua za vuli zilikuwa haba, lakini nyasi zilijitokeza kwenye mifereji, nyuzi nyembamba za kijani ndani ya miiba. Nilipiga magoti kuzitazama, na nilimwandikia mama yangu barua kumwambia kwamba nimepanda nyasi na zimeota. Hakunijibu jambo hilo. Aliuliza tu kama ninakula vizuri.

Kupima nyasi kulifanya boma zima linione kichaa. Fundi wa Kitengela alikuwa amenitengenezea fremu ya mbao ya mraba, nusu mita kila upande. Nilikuwa nikisimama ndani ya kipande, nageuka kinyume, naitupa fremu juu ya bega bila kutazama, na popote ilipoanguka ndipo nilipokata nyasi zilizo ndani yake. Mara tatu kila kipande. Yeyo alikuwa akija na kigoda chake kutazama, kama watu wanavyokwenda kutazama mpira.

"Mbona unatupa hiyo dirisha kama mtu anafukuza mkosi?"

"Ili nisichague, yeyo. Nikiangalia, jicho litaenda mahali pazuri."

"Na ikianguka mahali mbaya?"

"Naandika vile iko."

"Kwani mbaya pia mnaandika?"

"Mbaya ndiyo lazima tuandike. La sivyo ni uongo."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Hiyo shule yenu ni ya ukweli sana. Huku mtu akiuza ng'ombe anasimama upande iko na kidonda."

Kila nilipoondoka kwenda Kitengela niliiacha fremu nyumbani kwake, imening'inizwa ukutani juu ya vibuyu. Wageni waliuliza ni picha ya nani imetoka humo.

Masika ya mwaka uliofuata ilikuja kama mgeni asiyetaka kuketi. Ilinyesha siku chache, ikaaga. Kufikia katikati ya mwaka ardhi ya wazi kutoka Bisil hadi Kajiado mjini ilikuwa nyekundu tupu, na mizoga ilikuwa kando ya barabara. Mume wa yeyo na wanawe walihama na ng'ombe, wakasikika mara wako upande wa Tanzania, mara upande wa milima ya Chyulu. Wanawake walibaki na ndama. Olopololi ililiwa ikaisha. Nyasi pekee zilizosimama zilikuwa kwenye vipande vyangu vinne, nyuma ya miiba, na zile za kwenye vipande nilivyoharibu ndizo zilizosimama juu zaidi.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu mkato wa mwisho ufike nilipougua. Nilikuwa nimekuja Kitengela kuchukua magunia ya kuwekea nyasi, nikalala na homa ya matumbo. Daktari alinikataza hata kwenda dukani. Nililala kwenye kile chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, jirani yangu Mkamba akiniletea uji asubuhi na jioni, nikihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Nilijifariji kwamba nyasi hazina miguu. Zingeningoja.

Wiki ya pili, mchana, mlango uligongwa. Yeyo aliingia na shuka zake na vumbi la barabara nzima. Alikuwa amepanda lori la mbuzi waliokuwa wanaletwa kichinjioni, akashuka, akauliza shule, na shule ikamwonyesha kwangu. Hakuwahi kupita Kajiado mjini maishani mwake.

"Takwenya," nilimwamkia kwa sauti ya mgonjwa.

"Iko," aliitikia, akaketi kwenye kigoda. Hakuniuliza habari za tumbo. Aliutoa mkono wake wa kulia ndani ya shuka, na mkononi alikuwa ameshika nyasi. Nilizijua. Zilikuwa na ule mkia laini, zimekomaa, mbegu zinapukutika sakafuni kwangu. Hazikuota popote pengine nchi ile yote mwaka ule.

Sitasema nilimhurumia papo hapo. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia mvua, nikaukasirikia uji uliokuwa unapoa kando ya kitanda. Nilikuwa nimefanya kazi mwaka mzima na zaidi. Mkato mmoja tu ulikuwa umebaki kati yangu na ile shahada. Na huyu mama aliyenikabidhi pembe ya olopololi yake alikuwa amesafiri na mbuzi kuja kuniomba niitupe shahada hiyo.

"Ndama mbili imelala jana," alisema. "Haijaamka. Saba bado inasimama."

"Miiba ni yako, yeyo. Ardhi ni yako. Ungefungua tu."

"Tuliongea mimi na wewe. Nyasi ya ndani ni ya shule."

"Na nikikataa?"

Alifikiri. "Unaweza kataa. Mimi nitarudi tu."

Nilitaka kumwomba aniachie kidogo, japo kipande kimoja. Sikumwomba, maana ni nani anayemwambia ndama mwenye njaa aache kidogo kwa ajili ya chuo kikuu? Nilikumbuka fimbo ile ilivyoshuka pole pole.

"Fungua," nilisema. "Fungua vyote vinne."

"Ashe," alisema, ndiyo asante yao. Aliziweka zile nyasi kwenye meza yangu, akanywa uji wangu uliopoa, akaenda kutafuta lori la kurudi. Alipoondoka nililia sana. Natamani ningesema nililia kwa ajili ya ndama, lakini nilijililia mwenyewe.

Nilipopata nguvu ya kusimama, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kwa mwalimu mkuu kuuliza kama nafasi yangu ingalipo. Ilikuwapo. Nilianza kumwandikia msimamizi barua ya kukubali kushindwa, nikaichana, nikaandika nyingine, nikaitia mfukoni bila kuituma. Mwezi ulikuwa umebakisha siku nne. Niliona ni heshima kwenda kwanza kuaga, nichukue jembe langu na fremu yangu.

Nilifika bomani kabla ya adhuhuri. Ndama walikuwa wamesimama kivulini, mbavu nje, lakini wamesimama. Nilihesabu saba, halafu nikakumbuka kwamba kwao mifugo haihesabiwi kwa kidole, nikaficha mkono. Fremu haikuwa ukutani juu ya vibuyu.

"Njoo," yeyo alisema.

Vipande vyangu vilikuwa vimeliwa hadi kwenye udongo, kama nilivyotarajia. Ila havikuwa vitupu. Humo ndani kulikuwa na marundo ya miiba, madogo madogo, yametawanyika bila mpango wowote. Nilidhani ni miiba ya ua imeburutwa. Nilisogea kwenye rundo la kwanza nikachungulia. Katikati, zimesimama wima, kulikuwa na nyasi, zimekatika kwa mstari ulionyooka pande nne. Nusu mita kwa nusu mita.

Lilikuwa dirisha. Nilikwenda kwenye la pili, nalo lilikuwa dirisha. Matatu kila kipande, kumi na mawili kwa jumla, na ndama saba wenye njaa walikuwa wamekula kandokando ya miiba ile kwa zaidi ya wiki.

"Nilitupa nyuma," alisema. Alikuwa na wasiwasi, kama mwanafunzi anayeleta daftari. "Kama wewe. Sikuangalia. Ikianguka naweka miiba, halafu ndio nafungulia ndama."

Alinishika mkono akanivuta hadi kwenye kipande cha pili, mojawapo ya vile vilivyopumzishwa, kwenye rundo la tatu. Hilo alitaka nilione yeye akiwapo. Nilichungulia katikati ya miiba nisione kitu. Kulikuwa na udongo mtupu, kipara cha kichuguu cha zamani, bila hata jani moja. Kilikuwa kimezungushiwa miiba pande zote, imefungamana vizuri, kama mengine.

"Hii ilianguka hapa," alisema. "Nilitaka kusukuma kando kidogo, hapo palikuwa na nyasi mzuri. Halafu nikakumbuka ulisema mbaya ndiyo lazima."

Tulikata mchana ule wote, yeye akishika magunia. Nilifika chuoni siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Msimamizi alipokuwa akipitia jedwali langu, alisimamisha kalamu kwenye kipande cha pili, dirisha la tatu, akauliza kwa nini nimeandika sifuri, kama nyasi zilipotea njiani. Nilimwambia hapana, hiyo ndiyo iliyolindwa kuliko zote. Alivua miwani yake, akanitaka nianze kumsimulia tangu mwanzo.